Siku mbili, tano au nane: mfano upi wa mbio za hatua unafaa Uwanda wa Makonde?

Klabu ya Mtwara, Masasi au Lindi ikitaka kuandaa mbio za baiskeli za hatua zinazopanda mpaka Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, kuna swali linalotangulia zawadi na mdhamini: zitakuwa za siku ngapi? Idadi ya siku ndiyo inayoamua aina ya mshindi, idadi ya magari, lita za maji za kupandisha juu ya uwanda, na muda ambao askari wa usalama barabarani watakubali kusimamisha magari. Hapa tunalinganisha mifano mitatu ya mbio za kulipwa, kisha tunaipima kwa barabara zetu.

Kwa asiyezijua mbio hizi: kila siku, au kila nusu siku, ni hatua. Muda wa kila mshindani unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Mtu anaweza kushinda hatua mbili na bado akashika nafasi ya kumi.

Siku mbili: Critérium International

Mbio hizi za Ufaransa zilianza mwaka 1932 kwa jina la Critérium National, zikiwa za Wafaransa peke yao, na baadaye zikafunguliwa kwa wageni. Kuanzia 2010 hadi toleo la mwisho mwaka 2016 zilifanyika kisiwani Corsica, kuzunguka mji wa Porto-Vecchio. Kwa miaka mingi ya Corsica mpangilio ulikuwa hivi: Jumamosi asubuhi hatua fupi ya tambarare, chini ya kilomita 100, Jumamosi hiyohiyo jioni mbio za kushindana na saa za kama kilomita 7, kila mtu peke yake, Jumapili hatua ya mlima inayoishia Col de l'Ospedale, mpando wa kama kilomita 14. Siku mbili, hatua tatu, na kila aina ya mwendesha baiskeli ana hatua yake.

Uzuri wa mpangilio huo unaonekana ukiweka miaka miwili pamoja. Mwaka 2012 Pierrick Fédrigo alishinda juu ya Ospedale, lakini ubingwa ulikwenda kwa Cadel Evans aliyekuwa ameshinda mbio za saa. Mwaka uliofuata Richie Porte ndiye aliyeshinda mbio za saa, na Chris Froome, wa timu yake mwenyewe, akampita mlimani na kutwaa jezi ya anayeongoza, yaani ubingwa. Mpangilio uleule ulimpa ubingwa mtu wa saa mwaka mmoja na mtu wa mlima mwaka mwingine. Mwandaaji hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Siku tano: Tour of the Alps

Zamani ziliitwa Giro del Trentino, zilianza 1962, na jina la sasa lilianza kutumika 2017. Huchezwa mwezi Aprili, Jumatatu hadi Ijumaa, zikivuka Trentino na Alto Adige za Italia na Tyrol ya Austria. Hatua zake ni fupi kwa kipimo cha mbio za kulipwa na karibu kila siku kuna mpando. Tangu zibadilishe jina, kawaida yake ni kutokuwa na mbio za saa. Kwa hiyo tofauti za muda hubaki ndogo mpaka siku ya mwisho. Mwaka 2022 Pello Bilbao aliongoza mpaka asubuhi ya siku ya tano, akapoteza, na Romain Bardet akashinda kwa sekunde 14 mbele ya Michael Storer bila kushinda hatua hata moja.

Hizi ni mbio za timu. Anayeongoza anahitaji wenzake wanne au watano wa kumkinga upepo na kuwafuata wanaotoroka kwa siku nne mfululizo. Timu yenye watu watatu haiwezi kuilinda jezi kwa siku tano.

Siku nane: Tour du Rwanda

Huu ndio mfano ulio karibu na kwetu, na ndio watu wetu wengi huuwaza kwanza. Zilianza 1988, zikaingia kalenda ya chama cha dunia cha baiskeli mwaka 2009, na tangu 2019 zina daraja la 2.1 katika upangaji wa chama hicho. Huchezwa mwishoni mwa Februari, hatua nane. Kigali yenyewe iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, barabara za lami zimeunganisha miji, na tambarare ni adimu. Natnael Tesfatsion wa Eritrea alizishinda 2020 na 2022. Uzoefu wa kuziandaa mwaka hadi mwaka ulichangia Kigali kupewa mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ambako Tadej Pogačar alishinda mbio za barabara za wanaume.

Rwanda ina kitu ambacho Mtwara na Lindi hazina: kila upande unapogeuka kuna kilima kingine na lami nyingine. Sisi tuna ukingo mmoja mkubwa, na juu yake uwanda mpana wenye mawimbi madogo. Ukiweka hatua nane hapa, tano zitafanana.

| | Siku 2 | Siku 5 | Siku 8 |
|---|---|---|---|
| Hatua | 3 | 5 | 8 |
| Mbio za saa | Ndiyo, fupi | Kwa kawaida hapana | Hutegemea mwaka |
| Watu wa kutosha kwenye timu | 3 hadi 4 | 6 hadi 7 | 5 au zaidi |
| Kulala nje | Usiku 1 hadi 2 | Usiku 5 | Usiku 8 |
| Kosa moja (pancha, kuanguka) | Huua matumaini | Linaweza kufidiwa | Linaweza kufidiwa |

Mstari wa mwisho ndio udhaifu mkubwa wa mbio fupi. Pancha ya dakika mbili kwenye hatua ya kwanza, gari la spea likiwa mbali, na mtu huyo amekwisha. Ukichagua siku mbili au tatu, gurudumu la spea linapaswa kumfikia mtu chini ya sekunde 40. Maana yake ni pikipiki yenye magurudumu inayokwenda na kundi, pamoja na gari la nyuma.

Barabara zetu zinabeba nini

Barabara ya Mtwara, Mingoyo hadi Masasi ni lami, kama kilomita 200, ikipita Mtama, Nyangao na Ndanda. Ile ya juu ya uwanda, Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, ni kilomita 210. Kilomita 50 za kwanza, mpaka Mnivata, zilitangulia kuwekwa lami. 160 zilizobaki ziliingia kwenye ujenzi baadaye. Usipange kwa kutazama ramani ya simu. Pita na gari mara mbili: miezi mitatu kabla, na siku kumi kabla, ukiandika kila njia ya mchepuko, kila tuta na kila daraja jembamba. Tuta lisilochorwa rangi, kundi likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, linavunja mifupa ya mabega.

Lindi ina uwanda wa Rondo unaofika karibu mita 900, lakini njia za kupandia ni za udongo. Kwa mbio za barabara zenye tairi za milimita 25 hadi 28 hapafai. Ni mahali pa mbio za baiskeli za mlima, na kwa kazi hiyo patafaa sana.

Hatua ya kuamua ubingwa, basi, ni ile ya kutoka Masasi kupanda ukingo wa magharibi mpaka Newala, iliyo zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kumalizia karibu na Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini ya miguu. Kabla ya kuitangaza, pima mpando wenyewe. GPS ya simu hukosea urefu wa kwenda juu kwa makumi ya mita. Tumia kompyuta ya baiskeli inayopima mgandamizo wa hewa, simama kila mita 500, andika. Mita 25 za kupanda ndani ya mita 500 ni asilimia 5. Kinachowasaidia washindani ni vipande vyenye zaidi ya asilimia 8 na mahali vilipo, kuliko wastani wa mpando wote.

Hesabu ya sekunde

Watu wawili: mmoja anakwenda kilomita 45 kwa saa kwenye tambarare, mwingine 42. Kwenye mbio za saa za kilomita 7 wa kwanza anatumia dakika 9 na sekunde 20, wa pili dakika 10 kamili. Tofauti sekunde 40. Ukizirefusha mpaka kilomita 15, tofauti inafika sekunde 86. Sasa chukua mpando wa kilomita 5, mmoja akipanda kwa kilomita 20 kwa saa na mwingine 18: dakika 15 dhidi ya dakika 16 na sekunde 40, yaani sekunde 100.

Mpando wetu si wa kilomita 14 kama Ospedale, kwa hiyo mbio za saa za kilomita 15 zitakaribia kuufuta: mtu wa tambarare atafika chini ya mlima akiwa na akiba ya karibu dakika moja na nusu. Kilomita 6 hadi 8 zinatosha. Na baiskeli iwe ileile ya kila siku. Ukiruhusu baiskeli maalumu za saa, klabu yenye fedha imeshashinda kabla ya kengele.

Sekunde za zawadi nazo zina uzito wake. Kawaida ya mbio za kulipwa ni sekunde 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza wa hatua. Ndani ya siku nane ni kitu kidogo. Ndani ya siku tatu, mwenye kasi ya kumalizia akishinda hatua mbili amepata sekunde 20, nusu ya tofauti ya mbio za saa. Zitoe kwenye hatua ya tambarare tu, ili kundi liwe na sababu ya kuwafukuza wanaotoroka.

Maji

Kinachovunja mipango ya siku nyingi juu ya uwanda ni maji. Wenyeji wa Newala na Tandahimba wanajua tabu hiyo tangu enzi: udongo wa juu hunywa mvua yote, na maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Washindani 60, kila mmoja chupa nne za mililita 750 njiani, ni lita 180. Ongeza lita 5 za kunywa baada ya mbio na ndoo ya lita 15 ya kuoga kwa kila mtu: lita 1,200. Weka na watu 40 wa timu na waamuzi, lita 20 kila mmoja: 800. Jumla lita 2,180 kwa usiku mmoja. Usiku mmoja Newala unawezekana kwa boza dogo lililokodiwa Masasi na kujazwa mapema. Usiku wa tatu mfululizo utakuwa unanyang'anyana maji na wenye mji wao, na hilo ni kosa hata kama mnalipa.

Kwa chupa za njiani, mchanganyiko rahisi unaotosha: maji mililita 750, sukari vijiko 11 vya chai (kama gramu 45), chumvi robo kijiko, ndimu kidogo. Ndizi mbivu moja kila baada ya dakika 40. Korosho ziachwe mpaka jioni. Mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu, na mtu anayepanda na tumbo zito atatapika.

Gia

Hapa mifano mitatu inaachana kidogo. Kwenye mbio za siku mbili mtu anaweza kujikaza na gia nzito, kwa sababu mlima ni mmoja. Kwenye tano au nane magoti yatamlipisha. Baiskeli nyingi kuukuu zina meno 39 mbele kwenye duara dogo na 25 nyuma kwenye duara kubwa. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, pedali ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda mita 3.28. Ukiweka 34 mbele na 32 nyuma, inakwenda mita 2.23. Kwa kasi ileile ya kilomita 10 kwa saa, wa kwanza anazungusha mara 51 kwa dakika, wa pili mara 75. Anayezungusha 51 anasukuma kwa nguvu ya paja tupu, na mtikisiko mmoja wa kundi unamsimamisha.

Fundi akibadilisha gia ya nyuma kufika meno 32, lazima aweke kibadili gia chenye mkono mrefu na aongeze urefu wa cheni. Akisahau cheni, siku mtu atakapoweka duara kubwa mbele na kubwa nyuma, cheni itakosa urefu, kibadili gia kitang'oka na kuingia kwenye spoku, na gurudumu litafunga papo hapo. Kagua hilo kwenye meza ya ukaguzi asubuhi ya hatua ya kwanza: weka kubwa kwa kubwa, zungusha kwa mkono. Mkono wa kibadili gia ubaki na mkunjo kidogo. Ukiwa umenyooka kabisa, baiskeli haianzi.

Tunachopendekeza

Chukua mpangilio wa siku mbili na uurefushe kwa siku moja. Siku tatu, hatua tatu.

Siku ya kwanza, Mtwara hadi Mnivata na kurudi, kilomita 100 za lami yenye mawimbi. Mgeuko wa Mnivata ndio hatari yake kubwa: watu 60 hawawezi kugeuka kwenye barabara nyembamba bila mtu kuanguka. Chagua mahali palipopanuka, fagia mchanga kwa upana wote, weka ngoma katikati na mwenye bendera mita 300 kabla. Pepo za kusi zitawapiga ubavuni kushoto wakati wa kwenda, na walio nyuma ya mstari watakatika. Waambieni mapema.

Siku ya pili asubuhi, mbio za saa kwa mzunguko wa Shangani, mjini Mtwara, kilomita 7. Njia ya Mikindani inavutia kwa bahari yake, lakini ndiyo barabara kuu ya malori ya saruji na mabasi ya Dar es Salaam, na kuifunga kwa saa moja na nusu ni kazi ngumu. Watu wanaondoka kwa kupishana dakika moja, wa mwisho kwenye jumla akianza na anayeongoza akimalizia. Saa mbili tofauti, waandishi wawili tofauti. Saa moja ikizimika bila nyingine, hatua nzima inafutwa.

Mchana, safari ya kwenda Masasi kwa basi, baiskeli kwenye lori. Ziegeshwe upande wa kibadili gia ukiwa juu, pedali zimetolewa, blanketi kati ya kila mbili. Wakipakia haraka, asubuhi mafundi watakuta gia tano au sita zimepinda.

Siku ya tatu, kwanza kutoka Masasi kuelekea Ndanda na kurudi kwa lami, halafu Newala. Muda wa kikomo uwe wa mshindi ukiongezwa robo: akitumia saa 2 na dakika 40, kikomo ni saa 3 na dakika 20. Kanuni ya kilomita tatu za mwisho, inayompa aliyeanguka muda wa kundi lake, haitumiki kwenye hatua inayoishia juu ya mpando, na mkutano wa timu lazima uambiwe hivyo usiku wa kuamkia. Ambulensi ziwe mbili. Ikiwa moja tu na ikaondoka na majeruhi, mwamuzi analazimika kusimamisha mbio mpaka irudi. Hospitali za kuarifiwa kwa barua ni Mkomaindo ya Masasi, Ndanda, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa siku za Mtwara. Barua nyingine ni za CHABATA (chama cha baiskeli Tanzania), Polisi na TANROADS (wakala wa barabara).

Siku tano tunazishauri kwa sharti moja: mikoa yote miwili iungane, Lindi ibebe siku mbili za pwani, na timu zipatikane zenye watu sita kila moja. Bila hilo, siku ya tatu mtabaki na washindani 25 barabarani.

Lini

Mvua ni kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na mchanga mwekundu huoshwa juu ya lami kwenye kila kona. Oktoba mpaka Desemba ni minada ya korosho, malori yamejaa. Kuanzia kama katikati ya mwaka wakulima wanapulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, tena alfajiri wakati upepo umetulia, muda uleule ambao mbio zingeanza. Vumbi hilo kwenye mapafu ya mtu anayehema kwa nguvu ni kikohozi cha siku nzima, na macho yanawaka. Linabaki dirisha la wiki za mwisho za Mei na za kwanza za Juni.

Ukaguzi wa siku kumi kabla ukionyesha kipande cha udongo kirefu kuliko kilomita mbili kabla ya Newala, sogeza mstari wa kumalizia nyuma, ukomee lami inapoishia hata kama mpando haujafika kileleni. Magurudumu ya washindani yabaki mazima, na sherehe ya jezi ifanyike Newala jioni watu wakiwa wamepanda kwa basi.